Chai ya Kaloleni: Nani Anunuaye Maziwa Yako?

Wakulima wa skimu za Muhoroni, Koru na Songhor wanaopeleka maziwa Kisumu walijua jambo hili vizuri: wiki moja maziwa hugombewa kabla jua halijawa kali, na wiki nyingine mkebe hurudi jioni ukiwa nusu, na maziwa yamekwisha kuchacha. Ng'ombe ni wale wale, mtaa ni ule ule, na maziwa hayakutiwa maji. Mkulima husema, "Watu wa mjini hawana shukrani." Sivyo, ndugu. Mnunuzi ana hesabu yake, na mkulima asiyeifahamu hesabu hiyo hupata hasara bila kujua imetoka wapi.

Basi tuitazame hesabu hiyo katika mtaa wa Kaloleni, ulio karibu na soko kubwa la Kibuye. Kaloleni ni mtaa wa zamani wa Kisumu. Wamo Waislamu wa siku nyingi, wamo Wajaluo na Waluhya, wenye mishahara, wachuuzi, vibarua, waendesha bodaboda na vijana wapangaji. Wote hunywa kitu kila siku, lakini hawanywi kitu kimoja wala kwa kipimo kimoja.

CHAI NI VITU VITANO

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba nyumba nyingi hazinunui maziwa ya kunywa matupu. Zanunua maziwa ya kutia katika chai. Na chai ni vitu vitano: maji, majani, sukari, maziwa na makaa. Kimoja kikipanda bei, vingine vyote hutikisika.

Tuchukue mfano. Nyumba ina watu sita, na kila mtu hunywa vikombe viwili kwa siku. Hivyo ni vikombe 12. Ikiwa kila kikombe ni robo lita, sufuria yataka lita 3. Mama akitia nusu maziwa na nusu maji, atanunua lita moja na nusu ya maziwa kila siku.

Sasa tutazame sukari. Kila kikombe kikitiwa gramu 10, yaani kama vijiko viwili vidogo, ni gramu 120 kwa siku, au kilo 3 na gramu 600 kwa siku 30. Tuseme kilo ya sukari imepanda kwa shilingi 50. Nyumba hiyo yapaswa kutafuta shilingi 180 zaidi kila mwezi. Atazipata wapi mama? Watoto hawatakubali chai isiyo na sukari, na maji hayapunguziki. Hupunguza maziwa. Badala ya nusu hutia robo, naye anunuaye lita moja na nusu sasa ataka robo tatu tu ya lita. Nyumba 100 zikifanya hivyo, lita 75 hazina mnunuzi siku ile. Hayo ndiyo maziwa yarudiyo nyumbani.

Hili si jambo la kubuni. Katika mwaka 2023 viwanda vya sukari vya magharibi ya Kenya vilisimamishwa kusaga kwa miezi kadhaa, kwa kuwa miwa mingi shambani ilikuwa bado michanga. Sukari ikaadimika na bei yake ikapanda. Wengi wenu mna miwa na ng'ombe pia, katika nchi hii ambayo kiwanda cha Miwani kilianza mwaka 1922, cha Muhoroni mwaka 1966 na cha Chemelil mwaka 1968. Sukari ikipanda, mwenye miwa aweza kufurahi; lakini mwenye ng'ombe ataumia, na huenda wote wawili ni mtu mmoja.

FEDHA HUINGIAJE NYUMBANI?

Mjerumani mmoja, Ernst Engel, aliandika mwaka 1857 kwamba kadiri nyumba ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha zake huliwa na chakula. Kaloleni haiko mbali na maneno hayo. Nyumba ya kibarua haina nafasi ya kuongeza shilingi chache bila kupunguza mahali pengine.

Mtu akipata fedha zaidi hanywi vikombe kumi vya chai. Huongeza maziwa kwanza, halafu soda, halafu maji ya matunda. Fedha zikipungua, ngazi hiyo hushukwa kinyume: soda huachwa mwanzo, kisha maziwa hupunguzwa, na chai ya rangi hubaki mwisho. Soda yenyewe, nyumba nyingi huiweka kwa ajili ya mgeni, arusi na matanga. Kwa hiyo maziwa yako yamesimama katikati ya ngazi. Si anasa kama soda, wala hayalindwi kama sukari.

Tena, kuna tofauti kati ya mwenye mshahara na kibarua. Wa kwanza hununua sukari ya mwezi na kumlipa mchuuzi wa maziwa mwisho wa mwezi. Wa pili hupata fedha leo kwa ajili ya leo. Hununua sukari robo kilo, makaa ya mkebe mmoja, na maziwa ya glasi moja. Hana friji, na akinunua mengi yataharibika. Msimdharau mnunuzi wa glasi moja. Yeye hurudi asubuhi na jioni.

VINYWA VINGAPI, NA VYA UMRI GANI?

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nyumba ya Kenya ina watu 3.9 kwa wastani. Nyumba ya watu sita katika mfano wetu sasa ni kubwa kuliko ya kawaida. Vijana wengi huishi wawili au mmoja peke yake, na kijana wa namna hiyo mara nyingi hawashi jiko. Hunywa chai hotelini, au soda na chapati njiani. Maziwa yako yatamfikia kwa mkono wa mwenye hoteli, si kwa mlango wake.

Umri pia una neno lake. Mtoto mchanga hadi miezi sita anatosheka na maziwa ya mama tu, ndivyo waganga wanavyofundisha. Baadaye huhitaji uji, ambao Wajaluo huuita nyuka, na uji wa wimbi wenye maziwa ni chakula kizuri kwake. Wazee wengine wameambiwa hospitalini waache sukari kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari. Hao hupenda maziwa lala au uji usio mtamu. Nyumba yenye watoto na wazee ni mnunuzi wa kuaminika kuliko nyumba ya vijana watupu.

DINI NA MAJIRA

Katika mwezi wa Ramadhani nyumba za Waislamu hazipiki chai mchana. Lakini magharibi huhitaji uji, chai ya maziwa na maji ya matunda, na tena kabla ya alfajiri. Mchuuzi apitaye saa nne asubuhi atakuta milango imefungwa. Apitaye saa kumi jioni atauza. Kumbukeni kwamba Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, basi kalenda ya mwaka jana haifai mwaka huu.

Wakati wa mvua ndefu majani ni tele, maziwa ni mengi na bei hushuka. Januari na Februari ni jua kali na maziwa ni haba, lakini pia ndio wakati wa karo na sare za shule, na fedha za nyumbani huwa zimekwenda huko.

MKULIMA AFANYE NINI?

Moja: uliza bei ya sukari na ya makaa kila wiki. Zikipanda, usingoje maziwa yarudi. Punguza ya kupeleka mjini, na yanayobaki yageuze lala. Yachemshe, yaache yapoe hadi vuguvugu, tia kiasi kidogo cha lala safi, funika usiku kucha.

Mbili: uza kwa vipimo vidogo na vya haki. Tumia mikebe ya alumini, na mchuuzi wako awe na leseni ya Halmashauri ya Maziwa ya Kenya.

Tatu: weka matete na nyasi kavu kwa ajili ya kiangazi. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku chache. Akipandwa mwezi wa Machi, atazaa Desemba, nawe utakuwa na maziwa wakati wenzako hawana.

Nne: tenga kipande cha shamba kwa wimbi. Sukari ikipanda mama wa Kaloleni atapunguza maziwa ya chai, lakini watoto lazima wanywe uji.

Mkulima hodari huijua ng'ombe yake kwa jina. Na aijue pia sufuria ya mnunuzi wake.