Ukihama Nyumba ya Tovuti, Usihame na Mwizi

Pale Isebania, mkabala na Sirari ya Tanzania, mfanyabiashara huandika jina lake juu ya mlango, na jioni hufunga kwa kufuli. Lakini siku hizi wapo wenye duka la pili, lile la mtandaoni. Je, kufuli la duka hilo anashika nani?

Tuseme mama mmoja muuza mahindi amefungua tovuti, akaweka bei na namba yake ya M-Pesa. Asubuhi wateja wanampigia simu wakidai magunia waliyokwisha kuyalipia. Kumbe usiku mdukuzi aliingia akabadilisha namba! Fedha zimekwenda, na jina jema nalo limekwenda.

Msomaji, usidhani hayo huwapata wanyonge tu. Januari 2012 mdukuzi aliharibu tovuti zaidi ya 100 za serikali ya Kenya. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ukashambuliwa, wananchi wakakwama.

Tovuti hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo kampuni hukupangisha. Mara nyingi wapangaji wengi hukaa katika seva moja ili bei iwe nafuu. Mwenye nyumba akizembea, asitenge vyumba wala kuziba nyufa za programu kuukuu, mwizi aliyeingia kwa jirani aweza kupenya hadi kwako. Hapo kuhama ni busara.

Kabla ya kulipa kodi mpya, uliza: Je, nakala za tovuti hutunzwa kila siku, tena mahali tofauti? Je, kuna cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze kwa https? Je, kuingia kunahitaji uthibitisho wa hatua mbili? Tovuti ikivamiwa usiku, nani atapokea simu?

Kisha tazama jina. Majina yaishiayo kwa .ke husimamiwa na KeNIC na kuuzwa na mawakala wake. Hakikisha limeandikishwa kwako, si kwa kijana aliyekutengenezea tovuti. Mkikosana naye, ataondoka na kibao cha duka lako.

Toa nakala yako mwenyewe, uikague na kuisafisha, kwa maana mdukuzi akiacha mlango wa siri ndani ya mafaili, utahama naye. Badilisha maneno yote ya siri. Ijaribu tovuti katika seva mpya, ndipo uelekeze jina huko. Mabadiliko hayo huweza kuchukua saa 24 hadi 48, basi usifunge akaunti ya zamani mapema. Usisahau barua pepe, nazo huhama.

Na iwapo habari za siri za wateja zimeibwa na huenda zikawadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umwarifu Kamishna wa Data katika saa 72.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huo, mama wa mahindi ataujenga kwa fedha za magunia ambayo hakuyauza.