Je, Wajua? Giaboksi Mpya Huweza Kudai Rafadha Mpya

Je, wajua kwamba giaboksi inaweza kuingia sawasawa kwenye injini ya mashua ya matanga, boliti zote zikakaa, na bado mwendo wa chombo ukaharibika?

Chukua Yanmar 3GM30, dizeli ndogo iliyofungwa kwenye mashua nyingi za matanga. Giaboksi yake, KM3P, ilitolewa kwa uwiano wa gia 2.36, 2.61 na 3.20. Kwa nje ni kama mapacha. Lakini injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, ile ya 2.61 huzungusha rafadha takriban mara 1,380, na ya 2.36 takriban mara 1,525.

Ukiweka ya 2.36 mahali pa ya 2.61 huku rafadha ikibaki ileile, hilo ni ongezeko la asilimia 11 hivi. Linaonekana dogo, lakini nguvu inayohitajika kuzungusha rafadha majini hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, kwa hiyo mzigo hupanda kwa karibu asilimia 35! Injini hulemewa, haifiki mizunguko yake ya juu, na moshi mweusi hufuka nyuma. Ukifunga ya 3.20, mambo hugeuka: injini hunguruma, mashua hujikokota.

Dawa ni rafadha inayolingana na gia, yaani kipenyo au mlalo wa mapanga yake ubadilishwe. Iliyo kubwa zaidi nayo hudai nafasi ya kutosha chini ya chombo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipa soma uwiano kwenye kibati cha giaboksi ya zamani, kisha hakiki shafti ya rafadha inazungukia upande gani, kwani rafadha lazima ilingane na upande huo pia.