Je, Wajua? Nukta, Mistari na Kompyuta Inayochora

Tuondoe utata kwanza. Grafu ya safu hii siyo ile ya darasani yenye mhimili wa X na mhimili wa Y. Hii ni ya nukta na mistari: nukta ni kitu, mstari ni uhusiano wa vitu viwili. Watu na undugu wao, miji na barabara zake, kompyuta na nyaya zake. Weka kalamu karibu. Mwishoni kuna fumbo la huku kwetu.

1. Je, wajua kwamba nadharia ya grafu ilianza na matembezi?
Mto uliugawa mji wa Königsberg sehemu 4, zikaunganishwa kwa madaraja 7. Wenyeji wakaulizana: mtu anaweza kuvuka madaraja yote, kila moja mara moja tu? Mwaka 1735 Leonhard Euler aliiambia Akademia ya St. Petersburg kwamba haiwezekani. Hoja yake ni nyepesi: ukiingia mahali sharti utoke, kwa hiyo madaraja ya kila sehemu yatumike mawili mawili. Sehemu yenye madaraja witiri inafaa kuwa mwanzo wa safari au mwisho wake, basi. Zikizidi 2, safari imevunjika. Königsberg zilikuwa 4: moja ilikuwa na madaraja 5, na tatu zilizobaki 3, 3 na 3. Zihifadhi namba hizo.

2. Na wajua kwamba Euler hakuchora nukta wala mistari?
Alichora ramani ya mji, akazipa sehemu zake herufi, akahesabu. Ule mchoro wa nukta 4 na mistari 7 tunaouona vitabuni ulikuja zaidi ya miaka 100 baadaye. Grafu ilitangulia, picha ikafuata.

3. Je, wajua jina "grafu" lilitoka kwa wakemia?
Mwingereza J. J. Sylvester alilitumia mwaka 1878 katika jarida la Nature, akifananisha michoro ya molekuli na aljebra. Kitabu cha kwanza kamili cha nadharia hii kilitoka mwaka 1936, kimeandikwa na Mhungari Dénes Kőnig. Karne mbili zilikuwa zimepita tangu Euler.

4. Je, wajua kwamba watoto wa Kongo walikuwa na fumbo hilohilo mchangani?
Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti Emil Torday aliwakuta watoto wa Wakuba, katika eneo la Kasai, wakichora mitandao ya mistari mchangani. Wakamtega: ichore yote bila kuinua kidole wala kupita mstari mara mbili. Alishindwa, nao wakafurahi. Wachokwe, hasa wa Angola, wana sanaa ya jamii hiyo iitwayo sona. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliitafiti kwa miaka mingi.

5. Je, wajua kwamba kompyuta haihifadhi picha ya grafu?
Inahifadhi orodha tu: huyu kaungana na yule. Picha inatungwa pale unapoiomba. Ndiyo maana amri ya springi ya NetworkX, maktaba ya lugha ya Python iliyozaliwa katika maabara ya Los Alamos, Marekani, inaweza kukupa sura mpya kila unapoirudia. Huanza kwa kutawanya nukta kibahati. Ukitaka sura ileile kesho, ipe namba ya kuanzia, ile inayoitwa mbegu.

6. Je, wajua jinsi springi zinavyochora?
Mwaka 1984 Peter Eades alisema: fanya kila nukta ni pete ya chuma na kila mstari ni springi, kisha achia. Pete zitavutana na kusukumana mpaka zitulie, na hapo zilipotulia ndipo pa kuchora. Mwaka 1991 Thomas Fruchterman na Edward Reingold wakaongeza "joto": mwanzoni nukta zinaruhusiwa kuruka hatua ndefu, kisha hatua zinafupishwa kidogo kidogo, kama chuma kinachopoa kwa mhunzi. Programu nyingi za leo zinachora kwa wazo hilo au ndugu zake.

7. Je, wajua kwamba mvunja siri za vita alitufundisha kuchora kwa misumari?
William Tutte, katika kituo cha Bletchley Park, Uingereza, aligundua muundo wa mashine ya siri ya Wajerumani iitwayo Lorenz bila kuiona kwa macho. Mwaka 1963 akaandika jinsi ya kuchora grafu. Pigilia misumari nukta za ukingo wa nje, zikae kwenye umbo lisilobonyea ndani. Kila nukta iliyobaki iweke kwenye wastani wa mahali walipo jirani zake. Milinganyo ikishatatuliwa, grafu inayoweza kuchorwa bila mistari kukatana, na iliyoshikamana vya kutosha, inatokea imenyooka na hakuna mstari unaomkata mwenziwe.

8. Je, wajua kwamba kupinda si lazima?
Grafu yoyote ya kawaida inayochorika bila mistari kukatana inachorika pia kwa mistari iliyonyooka kwa rula. István Fáry alilithibitisha hilo mwaka 1948.

9. Je, wajua fumbo la nyumba 3?
Kuna nyumba 3, na vituo 3: cha maji, cha umeme na cha gesi. Unganisha kila nyumba na kila kituo bila mistari kukatana. Usijichoshe, haiwezekani. Mwaka 1930 Kazimierz Kuratowski wa Poland alionyesha kwamba kila grafu inayokataa kuchorwa bila kukatana imeficha ndani yake fumbo hilo, au nukta 5 ambazo kila moja imeungana na zote.

10. Je, wajua tofauti ya "inawezekana?" na "kwa uchache gani?"
Kuijua grafu kama inachorika bila kukatana ni kazi nyepesi: mwaka 1974 John Hopcroft na Robert Tarjan walitoa njia ambayo muda wake unakua sambamba na ukubwa wa grafu. Lakini ukiuliza idadi ndogo kabisa ya mikatano ni ngapi, umeingia msituni. Mwaka 1983 Garey na Johnson walithibitisha kwamba swali hilo ni miongoni mwa yale ambayo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kuyatatua yote.

11. Na wajua swali hilo lilizaliwa kwenye matofali?
Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Pál Turán alifanyishwa kazi ya kulazimishwa katika kiwanda cha matofali karibu na Budapest. Reli zilitoka kila tanuri hadi kila ghala, na vijitoroli vilikwenda vizuri isipokuwa reli zilipokatana: hapo viliacha njia, matofali yakamwagika. Turán akajiuliza reli zingepangwaje zikatane mara chache zaidi. Matanuri 3 na maghala 3 yanahitaji mkatano 1. 4 kwa 4 yanahitaji 4. 5 kwa 5 yanahitaji 16. Kanuni inayodhaniwa kutoa jibu kwa idadi yoyote ipo, lakini uthibitisho wake haujapatikana.

12. Je, wajua grafu moja inaweza kuwa na sura nyingi kama kinyonga?
Grafu ya Petersen, iliyopewa jina la Mdenishi Julius Petersen, ina nukta 10 na mistari 15. Katika SageMath, programu huria iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, andika `graphs.PetersenGraph().show()` nayo itatokea: pembetano nje, nyota ndani. Katika sura hiyo mistari inakatana mara 5. Ipange upya na mikatano itashuka hadi 2, lakini chini ya hapo haishuki. Sura ya nyota ni tamu kwa ulinganifu. Ile ya mikatano 2 ni tamu kwa usafi. Grafu ni ileile.

13. Je, wajua kwamba unaweza kuchora kwa kuandika tu?
Graphviz, iliyotoka maabara za AT&T, inasoma maandishi ya kawaida. Andika `Iringa -- Mbeya` ndani ya mabano yake na mstari umechorwa. Kisha chagua fundi: dot hupanga kwa ngazi, kama mti wa ukoo, neato hutumia springi, circo hupanga kwa duara.

14. Je, wajua kwamba nukta zikizidi picha inageuka nywele timutimu?
Maelfu ya nukta na mistari yakichorwa pamoja, jicho halioni kitu. Gephi, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Compiègne, Ufaransa, inakuruhusu kuchana: chuja nukta zenye mistari michache, paka rangi kwa makundi, kuza zenye jirani wengi.

15. Je, wajua kwamba kamba hukatikia pabovu hata kwenye grafu?
Mstari ambao ukikatwa grafu inagawanyika vipande unaitwa daraja. NetworkX inayataja yote kwa amri moja. Mtandao wa umeme au wa intaneti wenye daraja una mahali pake pabovu, hata kama kwenye picha panaonekana panene.

16. Je, wajua kuna njia ngapi za kuunganisha vijiji 10 kwa nyaya 9?
Arthur Cayley alitoa kanuni mwaka 1889. Vijiji 4 kwa nyaya 3: njia 16. Vijiji 10 kwa nyaya 9: njia 100,000,000. Hapo hakuna anayechora zote, ila kompyuta inaweza kukuchagulia ya bei nafuu kufumba na kufumbua.

17. Je, wajua kwamba ramani ya treni za London ni grafu iliyodanganya kwa faida?
Harry Beck, mchoraji wa saketi za umeme, aliibuni mwaka 1931, ikachapishwa mwaka 1933. Alitupa umbali halisi, akabakisha mpangilio wa vituo na mahali pa kubadilisha treni. Abiria hakuhitaji zaidi.

18. Je, wajua kwamba Malawi ni jibu la swali la 1852?
Mwaka huo Francis Guthrie alijiuliza kama rangi 4 zinatosha kupaka ramani yoyote bila majirani kufanana. Kenneth Appel na Wolfgang Haken walithibitisha mwaka 1976 kwamba zinatosha, kompyuta ikifanya kazi zaidi ya saa 1,000. Na je, 3 hazitoshi? Tazama Malawi: imepakana na Tanzania, Zambia na Msumbiji, na hizo tatu zinapakana zenyewe kwa zenyewe. Nchi 4, kila moja jirani ya zote. Rangi 4, hakuna ujanja.

19. Fumbo la mwisho: unaweza kuvuka kila mpaka mara moja tu?
Chukua Tanzania na jirani zake 8: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Kila nchi nukta, kila mpaka kati yao mstari, wa Ziwa Tanganyika ukiwemo. Utapata mistari 18. Iingize kwenye programu yoyote ya springi: Tanzania, yenye mistari 8, huenda ikakaa katikati, lakini usishangae Kenya ikitokea kusini na Msumbiji kaskazini. Programu haijui Bahari ya Hindi iko upande gani, na bado haijakosea mstari hata mmoja.

Sasa iache picha, uhesabu. Tanzania 8, Kenya 2, Uganda 4, Rwanda 4, Zambia 4: hizo ni shufwa, hazina neno. Zilizobaki ni Kongo 5, Burundi 3, Malawi 3, Msumbiji 3.

Rudi namba 1 ukasome tena madaraja ya Königsberg.