"Sista, Mbona Mnamchoma Tena?"

Mama mmoja aliniuliza kliniki: "Sista, mwanangu alichanjwa surua akiwa na miezi 9. Mbona mnataka kumchoma tena akifika miezi 18?" Nikamjibu, "Ndio utaratibu, mama." Hakurudi.

Nilimkumbuka niliposoma habari za Profesa J. John Cohen, mtaalamu wa kinga ya mwili katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Yapata mwaka 1990 alianzisha mihadhara ya jioni kwa watu wa kawaida, ikaitwa Mini Med School, yaani shule ndogo ya udaktari. Mtihani haukuwepo, wala hakuna aliyeulizwa cheti. Watu hawakwenda kuandikiwa dawa. Walikwenda kujua mwili unavyofanya kazi. Vyuo vingine vingi viliiga.

Hicho ndicho nilichomnyima yule mama. Ningemwambia hivi: kinga uliyompa mtoto angali tumboni hudumu miezi kadhaa, nayo huweza kuizuia chanjo isishike, ndiyo maana tunangoja miezi 9. Hata hapo, katika watoto 100, kama 15 hivi hawapati kinga kwa sindano ya kwanza, na kwa kumtazama mtoto huwezi kujua ni yupi. Sindano ya pili ni kwa ajili yao. Dakika mbili zingetosha!

Chuo kikuu kiko mbali nasi, lakini ukumbi wa kanisa upo. Siku hizi kikao cha akina mama kikiisha tunabaki nusu saa. Ninaeleza jambo moja, kisha wao wanauliza. Juzi tulizungumzia presha hadi giza likaingia, na maswali mawili ilinibidi niyabebe nyumbani nikayasome upya.