Barua Ikifikisha Alama Tano

Chukulia ofisi ndogo ya utalii mjini Arusha. Asubuhi karani anakuta barua pepe sitini: bahati nasibu ambayo hakucheza, ankara za bidhaa ambazo hakuagiza, onyo kwamba nywila yake inakwisha leo. Katikati ya msongamano huo yumo mgeni anayeulizia safari ya Serengeti.

Kero hii ina umri. Mei 1978 Gary Thuerk, aliyekuwa akiuza kompyuta za kampuni ya DEC huko Marekani, alituma tangazo kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET. Walilalamika sana.

Leo kuna vichujio vya taka. Akaunti zinazokaa kwenye seva ya kukodi, zile zenye jina la ofisi baada ya alama ya @, mara nyingi hulindwa na SpamAssassin, programu ya bure iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001. Yenyewe haihukumu kwa neno moja. Hujumlisha alama: kichwa kilichoandikwa chote kwa herufi kubwa, alama kidogo; kiungo cha tovuti iliyo kwenye orodha ya matapeli, alama nyingi zaidi; saini halali ya seva iliyotuma, alama zinapungua. Jumla ikifika 5, kiwango cha kawaida, barua inahesabiwa kuwa taka.

Kwenye paneli ya kusimamia seva kama cPanel, kuiwasha ni suala la kubonyeza. Uamuzi mzito ni kama taka zifutwe papo hapo au ziwekwe kwenye folda ya pembeni. Ziwekwe folda, angalau miezi ya mwanzo. Barua halali iliyodhaniwa taka ikifutwa, karani hataiona, na aliyeiandika atadhani amepuuzwa. Wapo wanaokasirika wakashusha kiwango hadi 2. Taka zinapungua kweli, lakini wateja nao wanapotea.

Kuna mtego mwingine, nao huwanasa hata wazoefu. Ili barua za wenzao zisizuiwe, watu huingiza jina lote la ofisi kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. SpamAssassin humpunguzia aliye kwenye orodha hiyo alama 100. Tapeli anayeghushi anwani ya bosi na kuagiza malipo ya haraka anapita mlango wazi, akiwa amebeba ruhusa ya ofisi yenyewe. Afadhali kuweka anwani za wateja wachache wanaojulikana, na kuiomba kampuni ya seva iweke rekodi za SPF na DMARC, zinazozisaidia seva nyingine kutambua nani ameruhusiwa kutuma kwa jina hilo.

Programu hiyo pia hujifunza, kwa hesabu za uwezekano zenye jina la Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18. Lakini haianzi kutumia somo hilo mpaka ionyeshwe taka 200 na barua halali 200. Hizo za pili ndizo watu husahau. Hivyo karani akimkuta mgeni wake wa Serengeti kwenye folda ya taka, kaponzwa na herufi kubwa na viungo vitatu, amjibu kwanza, kisha barua ile aifundishe programu kuwa ni halali.