Maktaba si kiti na kitabu tu

Elimu ni bahari, walinena wahenga. Lakini bahari huvukwa na mtu aliyefundishwa kuogelea. Watoto wetu wengi wa pwani hurudi kutoka skuli kila jioni wakiwa na mabegi yaliyojaa kazi za kufanya, na mwenye kuwashika mkono hayupo.

Tuzitazame nyumba zetu. Huko Majengo, Kisauni na Likoni, jamaa nyingi huishi katika chumba kimoja au viwili. Hapo ndipo wanapokula, wanapolala na wanapopokea wageni. Mtoto akifungua daftari lake, redio yalia upande huu na jirani apiga hodi upande ule. Akikwama katika hisabu, amwulize nani? Baba bado yuko kazini, na mama ashughulika na jiko na mtoto mchanga. Nao mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini 2019, wazidi kuwataka wazazi wawasaidie watoto nyumbani. Mwenye uwezo humlipa mwalimu wa tuisheni. Asiye nao je?

Wapo wasemao: aende maktaba. Ni kweli, na maktaba si jambo geni kwetu. Mombasa ilikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya ile ya McMillan kufunguliwa Nairobi mwaka 1931, ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Sheria ya 1965 iliunda Halmashauri ya Huduma za Maktaba ya Taifa, na Katiba ya 2010 ikaiweka kazi ya maktaba chini ya kaunti.

Hata hivyo, kiti na kimya havimsaidii mtoto asiyelifahamu swali. Ahitaji mtu.

Wenzetu wa ng'ambo wameliona hilo. Huko Chicago, Marekani, maktaba za umma huweka walimu baada ya saa za skuli wawasaidie watoto bila malipo. Denmark nako, watu wa kujitolea huketi maktabani na wanafunzi, hasa katika mitaa ya wahamiaji, wakiwamo Wasomali na Waarabu, ambao wazazi wao hawakusoma kwa Kidenishi.

MSAIDIZI AFANYE NINI?

Si kumwandikia mtoto jibu. Msaidizi mwema husoma swali pamoja naye, humwuliza amefahamu nini, kisha humwonyesha jinsi ya kutafuta neno katika kamusi au mto katika ramani. Mtoto hufanya mwenyewe. Kazi hii haihitaji shahada kubwa. Walimu waliostaafu, wake kwa waume, wamejaa mitaani mwetu, na vijana waliomaliza sekondari wangojea kazi barazani.

NA CHUO JE?

Hapa ndipo penye uzito kwetu sisi wa pwani. Mtoto atokapo skuli huenda chuoni, na atokapo chuoni magharibi imeingia, maktaba imefungwa. Wa Likoni ana kivuko pia. Asilazimishwe kuchagua kati ya Kurani na hisabu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasiikimbie elimu ya skuli huku wakiishika dini yao. Ushauri ule haujachakaa.

Basi, ikiwa mtoto hawezi kuifikia maktaba, maktaba na imfikie mtoto. Kaunti yaweza kuazima sanduku la vitabu vya skuli kwa kila madrasa iliyo tayari, na msaidizi akae na watoto kwa saa moja baada ya somo la Kurani. Siku ambazo chuo hakisomeshi, wakutane maktabani penyewe. Sisi hatufundishwi maana ya darsa: tangu zama za Habib Swaleh wa Lamu, aliyefariki 1935, wakubwa kwa wadogo wamekuwa wakizunguka mwalimu msikitini, kila mmoja akiuliza asilolijua.

Haya shime, wazee wa kamati za madrasa, andikeni barua kwa kaunti. Nanyi walimu mliostaafu, jitokezeni. Mtoto anayeachwa nyuma katika darasa la nne ni shida kumfikisha mwisho wa masomo yake. Samaki mkunje angali mbichi.