Sura ya Nne: Kuachwa, Kuachika, Kurudiana

Kila ninapokwenda Nyangwe, katika Maniema yetu, hakosekani mtu wa kuniambia kwamba hadithi za mapenzi tumeletewa na televisheni. Mara ya mwisho alikuwa mwalimu mwenzangu, msomaji mzuri, tumekaa kando ya Lualaba tunangoja mtumbwi. Akasema wasichana wetu wameharibiwa na filamu za Mexico na Nigeria, kwamba bibi zetu hawakujua habari ya kumlilia mwanamume. Nilikasirika, na hasira ile ndiyo iliyozaa sura hii.

Bibi zetu walimlilia mwanamume kwenye kinu, kwenye ngoma za harusi, kwenye matanga. Nani asiyejua nyimbo zile? Huko pwani, Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa ndoa mwaka 1858, na Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Lugha ya pwani iliingia Nyangwe na misafara ya wafanyabiashara wa Unguja katika miaka ya 1860. Watu wanakumbuka kwamba ilikuja kutafuta pembe na watumwa, na ni kweli. Wanasahau kwamba ilikuja pia na maneno ya nyumbani: mahari, talaka, eda, mjane, rejea. Jamii yenye maneno hayo ina hadithi za mapenzi tayari, hata kama hazijachapwa.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Kosa la pili linasemwa na wasomi, kwa hiyo linaniudhi zaidi. Wanasema mwanamke huandika mapenzi kwa kuwa siasa zimemshinda. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 2015, riwaya iliyoshinda ilikuwa *Penzi la Damu* ya Anna Samwel Manyanza. Mwaka 2018 ikaja zamu ya Zainab Alwi Baharoon na *Mungu Hakopeshwi*. Kabla yao Zainab Burhani alikwisha kutupa *Mali ya Maskini* na *Mwisho wa Kosa*. Anayetaka kuona siasa ndani ya mapenzi amfuate pia Yasmin wa Shafi Adam Shafi katika *Vuta n'kuvute*: msichana ameozwa mzee, anakimbilia kwa Mwajuma, anampenda Denge, na kila mlango anaoufungua una serikali ya kikoloni nyuma yake. Nani anaruhusiwa kumwacha nani, na nani anabaki na nyumba, ni siasa ya kila siku.

Hapa Maniema kuna kosa la tatu, nalo lina uchungu wa peke yake. Mwanamke wa Nyangwe ameingia katika vitabu vya dunia akiwa maiti. Msafiri Livingstone alifika Nyangwe mwisho wa Machi 1871 na kwa majuma mengi alikwenda kukaa sokoni kuwatazama wanawake wakibishania bei ya samaki, vyungu na mafuta. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara Waarabu wakafyatua bunduki katikati ya soko, na waliokimbilia mitumbwini wakazama mtoni. Makadirio ya Waarabu wenyewe, aliyoyaandika Livingstone, ni kati ya watu 330 na 400, wengi wao wanawake. Habari hiyo lazima isimuliwe. Lakini wanawake wale asubuhi ile walikuwa na waume, na wachumba, na watu waliogombana nao jana wakitumaini kupatana kesho. Mtu akiniuliza riwaya ya kwanza ya Nyangwe ingepaswa kuanzia wapi, namwambia ianzie kwenye soko lile saa moja kabla ya risasi.

Sasa nieleze hadithi za namna hii zinavyojengwa. Nitatumia vitenzi vitatu: kupenda, kuacha, kurudi.

Kupenda hakutatuchukua muda mrefu, kwa sababu kila mwandishi anakuweza. Jambo moja tu. Sisi wa Kongo tunasema mapendo, kwa Mungu na kwa mchumba neno ni hilo hilo. Watu wa pwani wanatenga upendo na mapenzi, kisha wanaongeza mahaba na huba. Mwandishi wa Kasongo, hapa Maniema, asione haya kwa mapendo yake. Mhusika anayesema mapendo kanisani asubuhi na kulirudia jioni kwa mwanamume anaweza kufanya kwa neno moja kazi ambayo mwenzake wa Unguja anahitaji maneno mawili kuifanya.

Kuacha ndiko kwenye utajiri. Lakini kwanza tuondoe takataka. Vijana wananiletea miswada yenye sentensi kama "moyo wangu ulivunjika vipande vipande". Hicho ni Kifaransa kilichovaa kitenge. Kwa Kiswahili, aliyevunjika moyo amekata tamaa, hata kama jambo lenyewe ni mtihani wa shule au shamba lililoliwa na nguruwe. Maumivu ya mapenzi tunayasema kwa njia nyingine, na njia hizo zimo ndani ya kitenzi chenyewe. Ameachwa: yupo mtu aliyemwacha, na sentensi inamnyooshea kidole. Ameachika: mtendaji ametoweka, imebaki hali, kama chungu kilichovunjika bila kujulikana nani alikiangusha. Wameachana: mzigo umegawanywa, pengine kwa haki, pengine kwa uongo. Sikiliza mwanamke akisimulia ndoa yake. Mwaka wa kwanza atasema nimeachwa. Miaka mitatu baadaye utamsikia akisema niliachika. Siku akisema tuliachana, ujue amevuka mto. Safari hiyo kutoka -wa hadi -ika hadi -ana ni riwaya nzima, na Mfaransa akitaka kuifuata itamlazimu aandike sura.

Takataka ya pili ni dawa. Miswada mingi ninayosoma inafika mahali mume anaondoka, na mwandishi, badala ya kuuliza kwa nini, anatuambia kwamba mwanamke wa pili alimtilia dawa katika mboga. Nimechoka nayo. Hakuna mzizi unaomfanya mtu apende, wala hirizi inayomfunga mlangoni. Wapo watu wanaouza matumaini kwa wanawake wenye uchungu, na wanawauzia ghali. Katika maisha ni wizi. Katika riwaya ni kifo, kwa sababu mume aliyelishwa dawa hakuchagua kuondoka, asiyechagua hana kosa, na asiye na kosa hana cha kusamehewa. Mlango wa kurudi umezibwa na mwandishi mwenyewe. Washauri wa mapenzi wanaosambaa kwenye simu, wenye kanuni saba za kumrudisha mpenzi kwa siku kumi, wanauza dawa ile ile katika chupa nyingine.

Nilikusudia kutoa mfano mmoja mfupi wa kuacha na kuendelea. Mfano wenyewe ni Salma binti Said, nami kila nikimgusa siwezi kumwacha upesi.

Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sultani Said. Alijifunza kuandika kwa siri, kwa sababu wasichana walifundishwa kusoma tu. Alikuwa akinakili herufi za msahafu. Alipokuwa mtu mzima alikaa mjini jirani na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, nyumba kwa nyumba, roshani kwa dari. Akapata mimba. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Mtoto alizaliwa huko, na hakuishi. Mei 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, wakaenda Hamburg. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1870, Heinrich alianguka alipokuwa akishuka kwenye tramu ya farasi, akafa. Salma akabaki na watoto watatu wadogo katika mji wa baridi, lugha si yake, dini si yake, urithi wa Unguja amenyimwa. Alirudi kisiwani mwaka 1885 na tena 1888. Mara ya kwanza ndugu yake Barghash hakukubali kumpokea.

Watu wanamjua kwa kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886. Ninachotaka uone ni hiki: katika kitabu kile kinene, kilichojaa habari za jikoni, sikukuu, mavazi, farasi na ugomvi wa ndugu, habari ya Heinrich imepita haraka mno. Mwanamke aliyetupa kila kitu kwa ajili ya mtu mmoja anatupa kurasa chache tu juu ya mtu huyo. Wasomaji wengi wamedhani ni aibu. Mimi nadhani alijua anaandika mbele ya macho ya nani: Wajerumani waliotaka kusikia habari za nyumba ya wanawake ya Sultani, na jamaa zake waliotaka kumsikia akijuta. Hakuwapa hao wala hawa. Uchungu wenyewe aliuweka kwingine, katika barua ndefu kwa rafiki wa kike huko nyumbani, asiyetajwa jina. Ndani ya barua hizo ndimo mna baridi, mna fedha zinazokwisha, mna mjane anayejifunza upya kununua mkate. Hazikuchapishwa alipokuwa hai. Barua kwa rafiki ambaye pengine hayupo: hapo ndipo kumbukumbu inapoanza kugeuka fasihi. Na wakati ule ule, Kiswahili alichokizungumza utotoni kilikuwa kinatandika mikeka Nyangwe.

Turudi kwenye vitenzi. Cha tatu ndicho kurudi.

Wageni wanadhani nafasi ya pili ni jambo la riwaya za kisasa. Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi, na Mwislamu yeyote wa Kasongo atakwambia kwamba nafasi ya pili imehesabiwa katika sheria. Mume akitoa talaka ya kwanza au ya pili, anaweza kumrejea mkewe maadamu eda, muda wake wa kungoja, haijakwisha, bila ndoa mpya. Eda ya aliyeachwa mwenye hedhi ni twahara tatu, na mwenye mimba mpaka ajifungue; mjane ana miezi minne na siku kumi. Eda ikipita, lazima ndoa mpya, mahari mapya, na ridhaa ya mwanamke. Talaka ya tatu ikitoka, hawarudiani mpaka mke aolewe kwa kweli na mwingine na ndoa hiyo nayo iishe. Mke naye ana njia yake, khului, ya kujikomboa kwa kurudisha mahari. Mwandishi aliyepewa saa kama hiyo anatafuta nini tena? Siku zinahesabika, nyumba ni moja, na katika siku hizo mume anaweza kumrejea mke asiyeulizwa anataka nini. Asiyeulizwa huyo ndiye mhusika wangu.

Kwa hiyo tofauti ya kurudishwa na kurudiana ni kubwa. Sheria ya nchi yetu ilichelewa kuiona. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kwa tendo lolote la kisheria linalomtaka atoe huduma yeye mwenyewe. Sharti hilo liliondolewa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Tarehe 15 Julai: miaka 145 kamili baada ya lile soko.

Tofauti hiyo niliiona vizuri pale mwanamke mmoja anayeuza samaki wa moshi Nyangwe aliponipa kaye yake, daftari la shule, kurasa arobaini na kitu za wino wa buluu, nyingine zina mafuta ya samaki na herufi zimetanuka. Mume wa hadithi hiyo alikwenda kuchimba dhahabu Salamabila, upande wa Kabambare, akakaa miaka sita. Anarudi siku ya soko, viatu vipya. Hamwiti mke kwa jina. Anajipanga kama mnunuzi, anauliza bei. Mke anamtajia bei ya watu wote. Mume anatoa noti kubwa, mke anahesabu baki, anamrudishia. Nilisoma kaye mara mbili kuhakikisha: kurudisha kumetumika mara hiyo moja tu, kwa makuta. Baadaye mjomba anatumwa kuomba, na mke anasema ataulizwa siku ya soko lijalo, na aulizwe na mwenyewe. Soko lijalo mwanamume anakuja mapema, hana viatu vipya. Ukurasa wa mwisho wako wawili kwenye njia ya mtoni, wameshika beseni moja, mke huku, mwanamume kule. Hakuna aliyesema ndiyo.

Nilimwuliza yule muuza samaki kwa nini hakuandika jina lake. "Mwalimu, hiyo ni ya kusoma, si ya kusema." Kisha akaniambia kwamba kulikuwa na kaye nyingine kabla ya hiyo, ndefu zaidi, aliyoichoma jikoni siku wakwe walipokuja kuzungumza.

Wewe uliye na kaye kama hiyo chini ya godoro, usiichome. Andika tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, na jina, hata la kubuni, uifunge kwenye nailoni isiingie unyevu, umpe mtu unayemwamini. Salma alikufa Jena mwaka 1924. Barua zake zilichapishwa mwaka 1993.